Urafiki Usiouliza

Neno urafiki lina kazi nyingi katika vinywa vya watu, na iliyo ngumu kuliko zote ni kazi yake linapotajwa baina ya dola na dola. Mtu akisema kuwa fulani ni rafiki yake twamwelewa, kwa kuwa ana moyo, na moyo huo umemwelekea mwenzake. Dola haina moyo. Ina hazina, askari, bandari na forodha. Walakini mikataba ya dola hufunguliwa kwa maneno ya urafiki na amani ya daima, na kabla wino wa maneno hayo haujakauka waandishi wamekwisha ingia katika ibara ya ushuru. Je, urafiki hapo ni pambo la mlangoni tu, au ni kitu chenye haki na wajibu wake? Na ikiwa una wajibu, yaipasa dola rafiki kuuliza habari za wanaoteswa katika nyumba ya rafiki yake, au adabu ya urafiki ni kufumba macho?

Swali la namna hii likiachwa hewani halina mwisho. Afadhali tulishushe chini, tulitazame katika jambo lililopata kutukia. Nami nimechagua mapatano ya Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala Oman na Unguja, na Jamhuri ya Marekani, yaliyotiwa sahihi Maskati tarehe 21 Septemba 1833. Nchi zile zilikuwa mbali kwelikweli. Merikebu ya tanga iliyotoka Salem, katika jimbo la Massachusetts, ililazimika kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema na kukaa baharini miezi kadha kabla ya kuiona Unguja. Hapakuwa na mpaka wa kugombewa, wala vita ya zamani, wala dini moja, wala lugha moja. Kama urafiki wa dola waweza kuonekana peke yake, bila ya kuchanganyika na hofu ya jirani, basi ni hapa.

Aliyelianzisha jambo hili alikuwa Edmund Roberts, mfanyabiashara wa mji wa Portsmouth katika New Hampshire. Alifika Unguja katika safari ya biashara ya mwaka 1827 na 1828, akaonana na Seyyid, akasikia kwake kwamba angependa biashara na Wamarekani iongezeke. Seyyid alikuwa na haja zake. Mombasa ilikuwa bado mikononi mwa Mazrui, na rafiki wa mbali mwenye silaha za kuuza ni mtu asiyekataliwa na mtawala mwenye adui wa karibu. Roberts alirudi kwao, akaandika barua, akahimiza, hata Rais Andrew Jackson akamtuma mwaka 1832 katika manowari iliyoitwa Peacock aende Annam, Siam na Maskati. Annam alishindwa, mazungumzo yalizama katika vyeo na taratibu za heshima. Siam alifaulu. Maskati kazi ilikwisha kwa siku chache.

Mkataba ulikuwa na ibara tisa. Mmarekani aliruhusiwa kuingia katika bandari za Seyyid, kununua na kuuza kwa bei watakayopatana yeye na mwenziwe, na kulipa ushuru wa asilimia 5 juu ya bidhaa alizoshusha, basi. Bunduki, baruti na risasi ziliwekewa mpaka: katika Unguja hauziwi mtu ila serikali. Balozi mdogo wa Marekani aliruhusiwa kukaa bandarini na kuamua ugomvi wa Wamarekani wenyewe kwa wenyewe. Habari ya balozi wa Seyyid kukaa New York au Salem haikutajwa. Ama faida, ilikuwa imekwisha kuonekana hata kabla ya sahihi: kati ya Septemba 1832 na Mei 1834 ziliingia Unguja merikebu 41 za Ulaya na Marekani, na katika hizo 32 zilikuwa za Wamarekani.

Ibara niipendayo kuitafakari ni ya tano. Yahusu vyombo vinavyovunjika. Katika maneno ya kwanza aliyoyaleta Roberts ilisemwa kuwa watu wa merikebu iliyopotea katika pwani za Seyyid watunzwe, kisha Marekani irudishe gharama. Hilo ni sharti la haki, la mfanyabiashara mwaminifu asiyetaka kudaiwa. Seyyid alilikataa. Roberts mwenyewe ameeleza katika kitabu cha safari yake, kilichochapishwa mwaka 1837 naye amekwisha kufa, kwamba mtawala aliyaona malipo hayo kuwa kinyume cha desturi za Waarabu na haki za ukarimu. Ibara ikaandikwa upya. Waliookoka watalishwa na kutunzwa kwa gharama ya Seyyid hata wapate njia ya kurudi kwao, kwa sababu hawezi kamwe kupokea malipo kwa kumsaidia mtu aliyefikwa na dhiki. Na mali itakayookolewa itarudishwa kwa mwenyewe.

Maneno mazuri karatasini hayana uzito mpaka yapimwe, na kipimo hakikukawia. Mwezi wa Septemba 1835 Roberts alikuwa akirudi Maskati katika manowari ile ile, amechukua mkataba uliokwisha kuthibitishwa na Seneti ya nchi yake, na usiku Peacock ikapanda mwamba karibu na kisiwa cha Masira. Mabaharia walitupa baharini baadhi ya mizinga yao ili kuipunguzia merikebu uzito, na vyombo vya wanyang'anyi vikaanza kuwazunguka. Roberts na wenzake wachache waliingia katika mashua ndogo wakaenda Maskati kuomba msaada. Seyyid hakungoja kuuliza nani atalipa. Aliamuru askari waende kuwalinda, na chakula na maji vipelekwe. Merikebu ilijikwamua, lakini baadaye mizinga iliyozama ikaopolewa kwa amri yake ikarudishwa kwa wenyewe bila ya malipo. Mtawala aliyekuwa na haja kubwa ya mizinga aliirudisha mizinga. Mtu akitaka kusema kuwa urafiki wa dola ni pambo tu, na aanze kwa kulijibu jambo hili.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo neno urafiki lilipopata mwili katika karatasi ile. Ibara nyingine zote hata wasiopendana wangeweza kuziandika, maana kila upande ulitoa kwa kupata. Katika ibara ya tano upande mmoja ulikubali kupoteza, tena ukakataa kurudishiwa, ukatoa sababu isiyohusu biashara hata kidogo: kwamba dhiki ya mtu haina bei.

Lakini pwani iliyompokea baharia wa Marekani ilipokea na watu wengine. Majahazi kutoka Kilwa yalishusha Unguja watu waliotekwa bara, wengine kutoka upande wa Ziwa Nyasa, na watu hao walipita katika forodha. Walihesabiwa. Walitozwa ushuru kwa kichwa, kama vile pembe ilivyotozwa kwa uzito wake. Mtu aliyetupwa na bahari kutoka katika chombo kilichovunjika alikuwa mgeni, na dhiki yake haikuwa na bei. Mtu aliyeshushwa kutoka katika chombo kizima alikuwa bidhaa, na bei yake ilijulikana sokoni. Mchanga waliokanyaga ulikuwa mmoja. Na juu ya huyu wa pili, mkataba wa 1833 hauna neno.

Kunyamaza huko hakukutokana na kutojua. Tarehe 28 Agosti 1833, siku zisizotimia mwezi kabla ya sahihi za Maskati, Uingereza ilikuwa imepitisha sheria ya kuondoa utumwa katika sehemu kubwa ya makoloni yake, kwa hiyo habari ilikuwa motoni katika dunia yote ya bahari. Na Marekani je? Hesabu ya watu ya mwaka 1830 ilionyesha huko watumwa zaidi ya milioni 2, na Rais aliyemtuma Roberts alikuwa naye na watumwa wake. Rafiki hakuuliza kwa sababu angeulizwa. Naam, watu wawili wenye siri moja hukaa pamoja kwa raha, wala hawahitaji kukubaliana kwa maneno kuwa siri hiyo isitajwe.

Tena kulikuwa na nguo. Msomaji wa Kiswahili haimhitaji kamusi kuijua, maana lugha yetu iliipa nguo hiyo ngumu ya pamba, isiyopakwa rangi, jina la nchi ilikotoka: marekani. Ilifumwa katika viwanda vya New England kwa pamba iliyochumwa na mikono ya watumwa katika majimbo ya kusini. Ilishushwa Unguja, ikafungwa mitumba, ikapandishwa mabegani mwa wapagazi hata Tabora na Ujiji, ikawa fedha ya njia: hongo ya watemi, posho ya msafara, bei ya pembe. Pembe nazo zilishuka pwani, nyingine mabegani mwa watumwa, zikavuka bahari, zikaishia katika viwanda vya jimbo la Connecticut kufanyizwa vitufe vya piano. Hata mji mmoja huko waitwa Ivoryton, yaani mji wa pembe. Basi tazama duara hilo. Ncha moja ina mtumwa shambani, ncha ya pili ina mtumwa njiani, na katikati wamekaa marafiki wawili wanaosifiana uaminifu wa biashara. Nao walikuwa waaminifu kweli; hilo ndilo linalonisumbua. Hakuna aliyemwibia mwenzake hata dhiraa moja. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuka mwaka 1861 na pamba ikakatika, ndipo nguo za Uingereza na za Uhindi zilipopata nafasi ya marekani. Na hata hapo jina halikufutika.

Balozi mdogo wa kwanza wa Marekani katika Unguja, Richard Waters wa Salem, alifika mwaka 1837. Alikuwa mtu wa dini, na daftari zake za kila siku, ambazo zimechapishwa, zaonyesha kuwa alipowaona watumwa aliwahurumia, akaona uovu wa utumwa, akamwomba Mungu juu yao. Kisha alikwenda kufanya biashara. Alipatana na Jairam Shivji, Mhindi aliyeikodi forodha, na kwa mapatano hayo akapata faida nzuri na kuwazuia washindani wake. Wako watakaomwita mnafiki. Mimi siwafuati. Mnafiki huificha dhamiri yake au hana, na Waters aliiandika kila jioni. Jambo lake ni zito zaidi ya unafiki: alikuwa na dhamiri iliyo hai katika kazi isiyo na mahali pa kuiweka. Mkataba ulimpa uwezo wa kudai ushuru usizidi asilimia 5; haukumpa neno moja la kumwombea mtu aliyefungwa. Kwa hiyo huruma yake ilibaki kitabuni, na kitabu kikabaki sandukuni.

Kwa upande mwingine alikuwako rafiki aliyeuliza. Uingereza ilikuwa imekwisha kumtia Seyyid katika mkataba wa mwaka 1822 uliozuia kuuza watumwa kwa mataifa ya Kikristo, na mwaka 1845 ikapata mwingine uliozuia kuwapeleka kutoka Afrika hata Arabuni. Balozi wake, Atkins Hamerton, aliyefika Unguja mwaka 1841, hakumwacha Seyyid apumzike. Kila neno la urafiki wake lilikuwa na swali nyuma yake. Haishangazi kwamba Seyyid aliwapenda zaidi Wamarekani. Nani asiyempenda mgeni anayesifu chakula na asiyeuliza habari za jikoni? Walakini yeyote atakayesema kuwa Mwingereza kwa kuuliza ndiye rafiki wa kweli, na atazame mwisho wa maswali hayo. Mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa kutishwa na manowari, na haki ikawa imetendeka. Mwaka 1890 Unguja yenyewe ikawekwa chini ya himaya ya Uingereza. Na utumwa haukuondolewa kisheria humo ila mwaka 1897, miaka saba baada ya muulizaji kushika funguo za nyumba. Yaonekana maswali yalikuwa ya kweli, na funguo zilitakiwa vilevile.

Hapo ndipo wengi husimama, wakasema: basi bora kutouliza, kila dola na nyumba yake. Usemi huu si wa zamani tu. Nchi za Afrika zilipounda Umoja wao mwaka 1963 ziliandika katika hati yake kuwa hakuna nchi itakayoingilia mambo ya ndani ya nyingine, na sababu yake ilieleweka. Watu waliotoka katika himaya walijua huruma ya mgeni huishia wapi. Kisha yakaja ya Rwanda mwaka 1994. Hati ya Umoja wa Afrika ya mwaka 2000, katika ibara yake ya nne, ikaupa Umoja haki ya kuingia katika nchi mwanachama penye mauaji ya halaiki, jinai za vita na jinai dhidi ya binadamu. Hivyo kanuni ya kutouliza ilijaribiwa na wale wale walioihitaji zaidi, nao wakaona kuwa haitoshi.

Mimi nasema hivi. Kutouliza na kuheshimu ni vitu viwili, ingawa huvaa kanzu moja. Tukitaka kuvitenganisha tutazame gharama. Seyyid alipokataa kulipwa kwa ajili ya waliozama, wema wake ulimgharimu. Marekani iliponyamaza juu ya soko la Unguja, kunyamaza hakukuigharimu kitu, kuliipa faida. Kimya chenye faida hakiwezi kuitwa adabu mpaka kwanza kithibitishe kuwa kingalikuwa kimya hata kwa hasara. Wala Marekani haikuwa dola isiyojua kulalamika. Mwaka 1850 balozi wake mdogo, Charles Ward, aliondoka Unguja kwa hasira kwa sababu tarehe 4 Julai bendera yake haikupigiwa mizinga ya salamu, na mwaka uliofuata manowari ikaja kutaka heshima hiyo irudishwe. Rafiki aliyeweza kuleta manowari kwa ajili ya salamu alikuwa na sauti. Ni kwamba alichagua cha kuisemea.

Hata hivyo sikubali kuwa ibara ya tano ilikuwa uongo kwa sababu ya mtumwa aliyepita kando yake. Wako wanafunzi wa historia wapendao kufuta kila jema la mtu kwa baya lake, kama kwamba hesabu ya maadili ni ya duka. Ukarimu wa Seyyid kwa mabaharia ulikuwa ukarimu. Kosa lake, na kosa la wote waliotia sahihi, ni kuwa walikuwa wamekwisha kulijua neno lenyewe, wamelisema kwa vinywa vyao na kuliandika kwa Kiarabu na Kiingereza, kwamba aliyefikwa na dhiki hutunzwa bila bei. Kisha wakalizungushia ukuta wa kuwafaa watu wa merikebu peke yao. Mtu asiyelijua neno hilo ana udhuru. Wao hawakuwa nao.

Kabla sijaweka kalamu chini nitarudi mwaka 1840, kwa kuwa upande wa pili wa urafiki huu haujapata kusema. Tarehe 30 Aprili mwaka ule merikebu ya Seyyid iitwayo Sultanah, chini ya mjumbe wake Ahmad bin Na'aman, iliingia bandari ya New York. Ilichukua tende magunia 1,300, kahawa ya Mocha, mazulia ya Uajemi, pembe 108, karafuu, sandarusi na ngozi 1,000. Na zaidi ya hayo zawadi za Rais Martin Van Buren, miongoni mwake farasi wawili wa Kiarabu, lulu, shali, marashi na upanga wenye dhahabu. Watu wa New York walijaa gatini kuwatazama wageni, na mchoraji Edward Mooney akachora sura ya Ahmad, kilemba chake na jambia lake.

Zawadi zilileta taabu. Katiba ya Marekani yamkataza mwenye cheo cha serikali kupokea zawadi ya mfalme au dola ya kigeni bila ya idhini ya Kongresi. Kwa desturi ya Seyyid, kurudisha zawadi ni tusi. Kwa sheria ya Van Buren, kuipokea ni hatari, kwa kuwa mkono uliopokea hauna nguvu ya kukataa. Sioni kuwa mmoja wao alikosa. Kila mmoja aliijua nguvu ya zawadi, na kila mmoja akaiwekea desturi yake. Rais alijibu kwa adabu, akapeleka shauri kwenye Kongresi, na mwezi wa Julai ikaamuliwa kuwa zawadi ziwe mali ya nchi: farasi wakauzwa, fedha ikatiwa hazinani, vilivyobaki vikahifadhiwa. Van Buren binafsi hakubakiwa na kitu.

Lakini Sultanah ilikuwa imechakazwa na safari. Serikali ya Marekani iliichukua katika karakana ya manowari ya Brooklyn, mafundi wakaitengeneza, nayo haikutaka kulipwa. Hakuna ibara iliyowalazimisha. Ibara ya tano ilitaja merikebu za Wamarekani katika pwani za Seyyid, haikutaja merikebu ya Seyyid katika pwani yao. Mwezi wa Agosti ikatweka matanga kurudi Unguja, imara kuliko ilivyokuja, imepakia bunduki na baruti, shanga nyekundu, sahani na vioo, na marobota kwa marobota ya nguo ya marekani.